Kijiwe cha Michezo: Walioachwa kwenye Drafti

 

Safu ya toleo hili ilianzia kwenye kochi. Tulikuwa nyumbani kwa mmoja wetu, nje theluji inamwagika, ndani tunaangalia hoki ya barafuni pamoja na baba yake mdogo aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Kipa wa Florida, Sergei Bobrovsky, akazuia shuti ambalo sote tulishalihesabu bao.

"Baba mdogo, kipa huyu hakuchaguliwa kwenye drafti," tukamwambia.

"Drafti? Hii yetu ya vizibo vya soda?"

Tulicheka, kisha tukamweleza. Timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, hukutana kila mwaka kugawana vijana, wengi wao wa miaka 18. Timu moja inataja jina, inafuata nyingine, raundi kwa raundi. Siku hizi timu ni 32 na raundi ni 7, kwa hiyo hutajwa vijana wapatao 224. Anayevuka umri wa kuteuliwa bila kutajwa anajua kwamba timu zote zilipata nafasi ya kumchukua na hakuna iliyomtaka.

Bobrovsky ni mmoja wao. Philadelphia ilimpa mkataba mwaka 2010 akitokea Urusi. Baadaye alitwaa tuzo ya kipa bora wa ligi mara mbili, 2013 na 2017, kisha akabeba Kombe la Stanley na Florida mwaka 2024 na tena 2025.

Baba mdogo akatikisa kichwa. "Basi walihesabu kete vibaya."

Maneno hayo yalituingia, maana wiki ileile yalikuwa yametoka majibu ya ufadhili wa kwenda kusoma Kiswahili Afrika Mashariki wakati wa kiangazi. Wanachama wanne wa chama chetu tuliomba. Mmoja amepata, na tunampongeza kwa moyo wote. Watatu tumepokea barua inayoanza na "tunasikitika". Wawili kati ya hao watatu ndio tunaoandika safu hii.

Kilichotuuma zaidi si safari. Kiswahili ni lugha tuliyobembelezewa nayo, tunayozungumza na bibi kwenye simu kila Jumapili. Lakini kwenye usaili tulijibu kama tunavyowajibu mama zetu jikoni, na tulipoulizwa mambo ya kitaaluma tukakwama. Ukitemwa kwenye jambo unalodhani ni la kwenu, unarudi bwenini hutaki kuongea na mtu.

Ndiyo maana tukaanza kuwatafuta wachezaji walioachwa. Tuliyempenda zaidi ni Martin St. Louis, mzaliwa wa Laval, Quebec. Alikuwa na kipaji, lakini kimo chake kilikuwa futi 5 na inchi 8 tu, katika mchezo ambao maskauti walipenda majitu. Drafti ikapita bila jina lake. Akaenda Chuo Kikuu cha Vermont, akacheza miaka minne. Calgary wakamsajili mwaka 1998, lakini hawakumpa nafasi kubwa. Mwaka 2000 timu mbili mpya ziliingia kwenye ligi zikaruhusiwa kuokota wachezaji ambao timu zao hazikuwalinda. Calgary hawakumlinda, na zile mbili nazo hazikumwokota. Ameachwa tena!

Akaenda Tampa Bay. Msimu wa 2003/04 aliongoza ligi nzima kwa pointi, akawa mchezaji bora wa ligi, na timu yake ikafika fainali. Wapinzani walikuwa nani? Calgary. Walikuwa wanaongoza kwa mechi tatu dhidi ya mbili, wanahitaji moja tu, tena wako nyumbani kwao. Mechi ya sita ikaingia muda wa nyongeza, ukaisha, ukaanza wa pili. Aliyefunga bao la kuimaliza ni yuleyule mfupi waliyemwacha. Tampa Bay wakashinda na ya saba, wakachukua kombe. Mwaka 2018 aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa Hoki.

Hayuko peke yake mle. Adam Oates hakuteuliwa, akamaliza na pasi za mabao 1,079. Joe Mullen, aliyejifunza mchezo huu kwa viatu vya magurudumu kwenye lami ya New York, hakuteuliwa, akawa Mmarekani wa kwanza kufunga mabao 500 katika NHL. Kipa Ed Belfour hakuteuliwa, akashinda mechi 484. (Wayne Gretzky naye hakupita kwenye drafti, lakini huyo hatumhesabu: alikuwa na mkataba wa kulipwa tangu ana miaka 17.)

Hatutaki kudanganyana. Kwa kila St. Louis mmoja wapo vijana wengi mno walioachwa na wasisikike tena. Kukataliwa peke yake hakumfanyi mtu kuwa nyota, na waliomkataa si lazima wawe wajinga. Wanapima kinachopimika siku ile: kimo, kasi, nguvu za kijana wa miaka 18. Atakavyokuwa akifika 24, hakuna anayeweza kukiweka kwenye mizani.

Lakini tuligundua jambo moja. St. Louis, Oates, Mullen na Belfour, wote wanne walipita kwenye timu za vyuo vikuu. Baada ya jina kukosekana walikuwa bado na barafu ya kuchezea, kocha wa kuwasahihisha, na wenzao wa kufanya nao mazoezi. Walipewa muda, nao wakautumia.

Sisi barafu yetu ni chama hiki. Kwa hiyo tumekubaliana: kila Alhamisi, baada ya mkutano, tutabaki saa moja zaidi. Kila mmoja aje na ukurasa mmoja aliouandika kwa Kiswahili, tusomeane na kusahihishana bila kuchekana. Mwenzetu aliyepata ufadhili ameahidi kutufanyia usaili wa majaribio. Walimu, mkipata nafasi ya kupita, tutafurahi sana. Mwakani tunaomba tena, na tukikosa, Kiswahili chetu hakitakuwa hiki cha leo.

Baba mdogo ameondoka. Kabla hajasafiri alichora drafti kwenye boksi la piza, akatufunga sote mmoja baada ya mwingine. Boksi tumelihifadhi. Vizibo tunakusanya, nanyi mkija Alhamisi leteni vyenu.