Mtoto si Kasuku



Kila mwisho wa mwezi wa nane, Misa inapokwisha, wazazi husimama uani wakiulizana: «Ni shule gani ya chekechea itakayomfanya mtoto aongee Kifaransa upesi?» Wengi wenu mmelisikia swali hilo. Baadhi yenu, mkiwa wazazi vijana au kaka na dada wanaolea wadogo zao, mnaliuliza wenyewe. Sisi tunasema wazi kwamba swali hilo limepinda, na jibu lake huwapotosha watoto wetu.

Hebu tutazame tunachokinunua. Tunanunua sare nzuri, lango lililopakwa rangi upya, joho dogo la siku ya proklamasio, na karatasi yenye asilimia, kana kwamba mtoto wa miaka minne anagombea kazi ofisini. Nyumbani tunawakusanya majirani, mtoto anakariri shairi la Kifaransa asilolielewa, nasi tunapiga makofi. Kesho yake mtoto huyo anaumwa tumbo darasani, naye hana neno la kumwambia mlezi wake, kwa sababu lugha aliyoinyonya kwa mama yake imekatazwa mlangoni. Je, hayo ndiyo malezi? Kasuku naye hukariri.

Hoja ya wazazi tunaijua, wala hatuidharau. Kifaransa ndicho lugha ya mitihani na ya ofisi. Asiyekijua hufungiwa milango mingi. Lakini nyumba haianzi kujengwa kwa paa. Mtoto aliyezoea kusimulia, kuuliza na kuhesabu mawe kwa lugha anayoielewa, huyo ndiye atakayeipokea lugha ya pili bila hofu. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha za taifa nafasi darasani. Kwa nini basi sisi tumwonee mtoto haya kwa kusema lugha ya kwao?

Tukumbuke pia shule hizi zilianzia wapi. Friedrich Fröbel, aliyeanza kazi hiyo Ujerumani mwaka 1837, aliuweka mchezo katikati ya malezi. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto tarehe 6 Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma, kwa ajili ya watoto waliobaki bila mlezi wazazi wao walipokwenda kazini. Halikuwa pambo la matajiri.

Na hapa kwetu Rumangabo? Mama huamkia shambani, baba husukuma chukudu, na mtoto mdogo huachwa mgongoni mwa dada yake wa miaka saba. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya serikali imetangazwa kuwa bure. Lakini yamfaa nini bure hiyo msichana anayebaki nyumbani kulea? Tena bure hiyo haifiki kwenye chekechea. Basi tunapoifanya chekechea kuwa bidhaa ya wenye dola, tunawafungia mlango watoto wawili kwa mara moja.

Liko jambo zito zaidi. Mwezi wa Oktoba 2022 vita viliwakimbiza wengi wa Rutshuru hadi Kanyaruchinya. Watoto wetu wameijua sauti ya bunduki kabla ya kuijua herufi ya kwanza. Mtoto wa namna hiyo anahitaji, kabla ya daftari, mtu mzima mmoja asiyepiga kelele, anayelijua jina lake, na ambaye atamkuta pale pale kesho asubuhi.

Kwa hiyo, anayetaka kuchagua asitazame lango. Aende akaketi darasani saa moja. Ahesabu watoto wanaoangaliwa na mlezi mmoja. Aulize maji yako wapi na choo kiko wapi. Atazame kama fimbo imewekwa mezani. Asikilize kama watoto wanacheka, wanaimba, wanauliza. Aulize kama mlezi hulipwa, maana mwenye njaa hawezi kubembeleza mtoto wa mwenzake mwezi baada ya mwezi. Na apime njia: shule ambayo miguu midogo inaifikia bila hatari ni bora kuliko ile yenye sifa iliyo mbali.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 kuhusu elimu, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Hatuwezi kuiuza zamu hiyo kwa bei ya joho. Wala hatuwezi kuwalaumu wazazi peke yao, sisi tulio na kumbi zinazofungwa kwa kufuli tangu Jumatatu hadi Jumamosi. Tunadai kufuli hizo zifunguliwe. Kila shirika lichangie posho ya mlezi mmoja, na ninyi vijana mlete mikono yenu: mchonge vitu vya kuchezea, mtege vitendawili, msimulie hadithi za sungura na fisi.

Mwaka ujao, swali litakapoulizwa tena uani, tuwe na jibu jingine la kutoa, na mahali pa kulionyesha.