KUULIZA JUU YA MUNGU SI DHAMBI

Nimeishika kalamu nitoe dukuduku langu kuhusu jambo ambalo wengi hulikwepa: je, Mungu yupo? Na anayesema hayupo, tumfanye nini?

Kwangu mimi hili si swali la vitabuni tu. Mwaka jana malaria ilimchukua ndugu yangu mdogo, mtoto wa miaka minne. Tangu siku hiyo mama hakosi kanisani, naye baba hakanyagi huko. Majirani humwita baba kafiri. Mimi niko katikati.

Wanaoamini wana hoja. Mwaka 1802 kasisi Mwingereza, William Paley, aliandika kwamba ukiikuta saa chini mbugani, huwezi kusema imejitengeneza. Lazima ina fundi. Seuze jicho la binadamu! Hoja hii ni tamu, lakini mwaka 1859 Charles Darwin alieleza jinsi viumbe hubadilika polepole, kizazi hadi kizazi, hata vikaafikiana na mazingira bila fundi wa kuviunda kimoja kimoja. Hata hivyo, hakueleza kwa nini kuna ulimwengu badala ya kutokuwa na kitu chochote. Kwa hivyo swali bado liko palepale.

Wasioamini nao wana hoja nzito. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliubomoa mji wa Lisbon, Ureno. Wengi walikuwa makanisani wakisali, na makanisa yakawaangukia. Mwandishi Mfaransa, Voltaire, akauliza watu hao walikosa nini. Ndilo swali la baba! Mungu akiwa mwema na mwenye uwezo wote, mbona mtoto wa miaka minne? Wengine hujibu ati maovu hutokana na hiari ya binadamu. Sawa, wizi na vita ni vyetu. Lakini je, mbu?

Kisha kuna Blaise Pascal, mwanahisabati Mfaransa aliyefariki mwaka 1662. Yeye alisema tuweke dau: ukiamini na kumbe Mungu yupo, umepata yote, kama hayupo, hujapoteza kitu kikubwa. Wenzangu wengi huipenda hoja hii. Mimi siipendi. Mungu ajuaye ya moyoni atampokeaje mtu aliyemwendea kama mcheza kamari?

Sasa nitoe msimamo wangu. Mimi naamini, ila sitajifanya nimethibitisha. Siwezi kukubali kwamba mapenzi yetu kwa yule mtoto yaliishia kaburini. Najua hiyo si hoja ya kushinda mdahalo. Lakini nakataa katakata baba aitwe adui wa Mungu. Jumapili, sisi tukiwa kanisani, yeye huchukua jembe akafukia madimbwi ya maji, hata yaliyo nje ya nyumba za hao wanaomsema. Mimi nikimtazama, naona mtu anayewajali watoto wa wenzake.

Wenzangu, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mwenzetu akiuliza swali hili darasani, tusimzomee. Nawe usiyeamini, usimcheke mama anayepiga magoti, kwani hujui amebeba mzigo gani. Nyumbani kwetu wazazi wangu bado wanakula meza moja. Iweje sisi tushindwe kukaa dawati moja?

Naweka kalamu chini. Mwenye jibu la swali la mbu, namwomba aniandikie toleo lijalo.