Barua ya wazi kwa KICD: Mwanafunzi akiuliza kuhusu msalaba, ajibiwe

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji,
Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD),
Nairobi.

Mheshimiwa,

Kila Mei, mahujaji wanaokwenda Namugongo, Uganda, kwa miguu huvuka mpaka Busia na Malaba ili waiwahi sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Juni 3. Wanaowaenzi ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 waliouawa kati ya 1885 na 1887, enzi ya Kabaka Mwanga, wengi wao kwa kuchomwa moto. Watoto wa Marachi, hapa Kaunti ya Busia, hukua wakisikia habari za mashahidi hao, wakifuata Njia ya Msalaba kila Ijumaa Kuu na kuhubiriwa kwamba damu ya Yesu ndiyo iliyolipa deni. Wakifika shule ya upili huanza kuuliza. Baba gani humtoa mwanawe auawe? Haki gani humwadhibu asiye na kosa? Na kama Mungu ni mwenyezi, kwa nini asisamehe tu?

Barua hii inaiomba taasisi yako iyape maswali hayo nafasi katika Elimu ya Dini ya Kikristo (CRE), pamoja na majibu ambayo Wakristo wameyatoa kwa karne nyingi.

Silabasi ya 8-4-4, itakayotahiniwa kwa mara ya mwisho katika KCSE ya 2027, imejaa mambo yanayozaa maswali hayo. Katika Kidato cha Kwanza mwanafunzi alikutana na Abrahamu, aliyeagizwa amtoe Isaka kuwa sadaka. Katika Kidato cha Pili alisoma Injili ya Luka hadi mateso, kifo na ufufuo. Mtihani humtaka aeleze matukio na ataje mafunzo ambayo Mkristo huyapata humo. Anaweza kupita vizuri bila kuombwa apime kama yaliyotendeka Golgotha yalikuwa ya haki, wala ni nani anayebeba lawama.

Nje ya darasa maswali hayasubiri. Chama cha wasioamini Mungu, Atheists in Kenya, kilisajiliwa Februari 2016. Kikasimamishwa Aprili mwaka huo, na kusimamishwa huko hakukudumu. Jirani Mwislamu katika soko la Busia anaamini, kwa mujibu wa sura ya nne ya Kurani, kwamba Isa hakusulubiwa. Ndani ya kanisa lenyewe, Steve Chalke, mchungaji Mbaptisti wa Uingereza, aliandika mwaka 2003 pamoja na Alan Mann kwamba namna fulani ya kuhubiri msalaba humfanya Mungu aonekane mzazi anayemtesa mwanawe. Hata ugomvi huo si mpya. Karibu mwaka 144 kanisa la Roma lilimtenga Marcion, aliyeshikilia kwamba Mungu wa Agano la Kale hawezi kuwa ndiye Baba wa Yesu. Kanisa lilikataa kuwa na Miungu wawili, na kwa kukataa huko likajitwika wajibu wa kueleza.

Limeeleza, tena kwa njia nyingi. Anselm wa Canterbury, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1098, alisema binadamu anadaiwa na Mungu deni asiloweza kulipa, na Kristo, Mungu aliye mtu, akalilipa kwa hiari yake. Kwa Anselm, fidia huja mahali pa adhabu: ikilipwa, hakuna anayeadhibiwa. Jambo hili hupotea katika mahubiri mengi yanayomchora Baba mwenye hasira akimpiga Mwana. Abelard, katika karne ya 12, alisema msalaba waonyesha upendo unaoweza kuugeuza moyo wa binadamu. Gustaf Aulén wa Uswidi, mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliwakumbusha Wakristo kwamba kanisa la kale liliuona msalaba kama ushindi dhidi ya dhambi, mauti na Ibilisi. John Stott, mhubiri Mwanglikana, aliandika mwaka 1986 kwamba ni kosa kumweka Baba upande mmoja na Mwana upande wa pili: aliyejitoa msalabani ni Mungu mwenyewe katika Kristo. Hoja hiyo ndiyo inayogusa lile swali la baba katili, kwa kuwa mafundisho ya Utatu hayamruhusu mtu kusema Mungu alimtesa mwingine ili yeye atulie.

Kuna jibu lililo karibu zaidi na mpaka wetu. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda aliuawa na utawala wa Idi Amin, siku chache baada ya yeye na maaskofu wenzake kulalamikia kwa barua mauaji na uonevu wa askari. Wakristo humwita shahidi. Hakuna anayehubiri kwamba Mungu alitaka Amin aue, wala kifo cha Luwum hakimtakasi muuaji. Luka anasimulia kifo cha Yesu kwa mwelekeo huo huo: Pilato anatamka mara tatu kwamba hakuona kosa lake, kisha anashindwa na umati. Aliyehukumiwa ni mtu mwema. Waliokosea ni mahakama, viongozi wa dini na watu waliopiga kelele.

Hata hivyo, mwanafunzi makini hataridhika haraka, na hafai kulazimishwa aridhike. Atafungua Matendo ya Mitume, sura ya pili, aone Petro akisema kwamba Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu na kuuawa kwa mikono ya waovu. Atarudi Luka 15, aone baba akimpokea mwana mpotevu bila kudai fidia yoyote. Mwalimu anayekwepa vifungu hivyo anamwachia mwanafunzi shaka aibebe peke yake. Anayevisoma pamoja naye humwonyesha kwamba imani inaweza kukaguliwa.

Gharama ya ukimya wa aina hiyo imeonekana. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa. Wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie wanadaiwa kuagizwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, mwezi wa Machi 2000, mamia waliteketea Kanungu katika kanisa la kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Mtu aliyefundishwa tu kwamba Mungu hupendezwa na mateso hana cha kumjibu mhubiri wa aina hiyo. Aliyesoma Luka 22 kwa makini anacho: usiku wa kukamatwa, Yesu aliomba kikombe kimwondokee. Hakukitafuta kifo. Mashahidi wa Namugongo nao waliuawa na wengine kwa kukataa kuikana imani yao. Hakuna aliyeagizwa na mchungaji ajinyime chakula mpaka afe.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, mambo matatu yanaombwa. Kwanza, mada ya mateso na kifo cha Yesu katika sekondari pevu ya mtaala unaochukua nafasi ya 8-4-4 iwe na sehemu ya hoja dhidi ya msalaba, zikiwekwa wazi kama wakosoaji wenyewe wanavyozisema, na majibu ya Wakristo yawekwe sambamba, pamoja na mahali ambapo Wakristo hawakubaliani. Pili, sadaka ya Isaka isomwe pamoja na Yeremia 7 na Mika 6, wanapokemea watu wanaodhani Mungu anataka watoto wao. Tatu, mwongozo wa mwalimu uandaliwe kwa kushauriana na walimu wa CRE wa kaunti za mpakani, Jimbo Katoliki la Bungoma, na dayosisi za Kianglikana za Nambale na Katakwa. Kundi la kwanza la Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari pevu, lilianza Januari 2026 na litafanya mtihani wake wa mwisho 2028, kwa hiyo mwongozo huo ukianza kuandikwa sasa utawafikia kabla hawajamaliza.

Kwa heshima,
Mwandishi,
Marachi, Kaunti ya Busia.