Kusakinisha si Kuzindua

Neno sakinisha liliteuliwa kwa busara. Katika Linux ya ukoo wa Debian, mtumiaji huandika amri "apt install", na programu ikaletwa kutoka ghalani pamoja na zile inazozitegemea, zote zikapewa makazi ndani ya kompyuta. Sakini, yaani kukaa mahali, yasadifu kazi hiyo barabara. Tatizo liko kwa zindua, ambalo baadhi ya wafasiri hulipenda. Jengo huzinduliwa mara moja, tena kwa hotuba. Programu hufunguliwa kila asubuhi. Fungua latosha.

Kosa kama hili halina haja ya kuvumiliwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ilidhihirika kwamba programu huria hufasiriwa na wenye lugha bila kungoja hisani ya kampuni. Maneno ya menyu huwekwa katika faili za peke yake, kando ya msimbo, na yeyote aijuaye lugha aweza kupendekeza marekebisho. Lakini istilahi zaendelea kutahiniwa karatasini, na mwanafunzi wa Kiswahili aweza kuhitimu bila kutakiwa kusakinisha hata programu moja inayozungumza lugha aliyoisomea.