Kifo cha Jumamosi hakikusimamisha kitu



Kila tarehe 1 mwezi wa tano, ku mtandao watu wanaweka picha ya Ayrton Senna na kaske yake ya manjano. Ni sawa. Alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, na alikufa kazini, dunia nzima ikimwangalia, ku Imola, Italia, mwaka 1994. Lakini kuna jina lingine ambalo lingepaswa kutajwa la kwanza: Roland Ratzenberger. Yeye alikufa siku moja mbele yake, Jumamosi tarehe 30 mwezi wa nne, ku uwanja ule ule. Na Jumapili mbio zikaendelea kama vile hakuna kitu.

Miye niko na diplome na sina kazi, kwa hiyo wakati wa kuangalia mbio za zamani na kusoma habari zake ninao, tena mwingi. Kadiri ninavyosoma, njo ninaona kwamba ile hadithi tunayopenda, eti "Senna alikufa, kisha mbio zikakuwa salama", inaruka jambo kubwa. Kifo hakileti usalama. Kifo kinaleta kilio, maua na picha ku mtandao. Usalama unaletwa na watu wenye kukataa kusema "siku yake ilifika".

Tupange mambo moja moja. Ijumaa tarehe 29, Rubens Barrichello, kijana wa Brazil, gari yake iliruka na kupiga fensi. Akapoteza fahamu, pua ikavunjika, lakini akapona. Onyo la kwanza. Jumamosi ikawa Ratzenberger, Mwaustria wa miaka 33, wa ekipe ndogo ya Simtek, ambaye alikuwa amekimbia mbio moja tu za Formula 1 katika maisha yake. Bawa la mbele la gari yake lilivunjika akiwa na vitesi ya zaidi ya kilometa 300 kwa saa. Gari ikakataa kugeuka, ikapiga ukuta. Onyo la pili, na hili lilikuwa na maiti ndani.

Jumapili, pale pale ku mwanzo, magari mawili yaligongana, vipande vikaruka hadi kwa watazamaji na kujeruhi watu. Hawakusimamisha. Walitoa tu gari ya usalama itangulie mbele kidogo, kisha mbio zikaanza upya. Mu mzunguko wa 7, Senna akatoka barabarani mu kona ya Tamburello na kupiga ukuta wa beto. Alikuwa na miaka 34. Mu gari yake walikuta bendera ya Austria: alipanga kuiinua juu ya kumkumbuka Ratzenberger. Na hata kisha yeye kupelekwa hospitali, mbio zilianzishwa tena hadi mwisho.

Brazil ilikuwa na siku tatu za maombolezo ya taifa, barabara za São Paulo zikajaa watu. Huko Salzburg, Ratzenberger alizikwa na watu wachache zaidi. Max Mosley, prezida wa FIA wakati ule, alienda ku mazishi ya Ratzenberger, hakuenda ya Senna. Ninamheshimia kwa ile. Lakini heshima ya ku kaburi haifuti swali: juu ya nini kifo cha mtu mdogo hakikutosha kuzima magari? Kama Jumamosi wangesema "tunasimama, tunaangalia kwanza", Jumapili Senna angerudi nyumbani.

Sasa tuongelee ule ukuta. Tamburello haikuwa siri. Nelson Piquet alipata aksida pale mwaka 1987. Gerhard Berger alipata yake mwaka 1989, gari ikawaka moto. Berger alieleza kwamba yeye na Senna walienda kuangalia ule ukuta kwa miguu, na wote wawili wakakubali kwamba hauwezi kusogezwa, kwa sababu nyuma yake kuna mto. Hata mabingwa walimezwa na neno "haiwezekani". Mwaka 1995 mbio ziliporudi Imola, mto ulikuwa pale pale, lakini kona imebadilishwa: badala ya kupita na vitesi yote, mapiloti walilazimishwa kufunga freni na kukata kushoto na kuume. Hawakusogeza mto. Walisogeza barabara. Kitu kilichoshindikana miaka yote kilifanyika mu mwaka mmoja tu.

Nani alisukuma? Wakubwa walifanya sehemu yao: FIA iliunda kamati ya wataalamu chini ya daktari Sid Watkins. Lakini mapiloti wenyewe pia hawakungoja. Wiki mbili kisha Imola, ku Monaco, walifufua chama chao, GPDA, kilichokuwa kimelala miaka mingi. Ku mstari wa kuanzia, nafasi mbili za kwanza ziliachwa bila gari, zikapakwa rangi za bendera ya Brazil na ya Austria. Zote mbili, si moja. Pale njo ninaona heshima ya kweli: kukumbuka na kudai kwa pamoja.

Mabadiliko yakafuata. Vitesi ikawekewa mpaka mu njia ya magaraji. Mwaka 1995 motere zikapunguzwa kutoka lita 3.5 hadi 3.0. Mwaka 1996 kingo za pale piloti anapokaa zikapandishwa juu ya kulinda kichwa. Majaribio ya kugongesha magari yakakazwa. FIA ikaunga mkono pia Euro NCAP, programu iliyoanza mwaka 1997 kutangaza waziwazi ni gari gani za kawaida zinalinda watu na zipi haziwalindi. Kwa hiyo kilio cha Imola kilifika hadi mu gari ya mama anayepeleka watoto masomoni huko Ulaya.

Watu wanasema: tangu Senna, miaka 20 hakuna piloti wa Formula 1 aliyekufa na aksida ya mbio. Ni kweli, na ni kazi kubwa. Lakini ile hesabu inahesabu mapiloti tu. Monza mwaka 2000, Paolo Gislimberti, wa kikosi cha zimamoto, aliuawa na gurudumu lililoruka. Melbourne mwaka 2001, Graham Beveridge, mmoja wa watu wanaojitolea kusimama pembeni ya barabara, akafa vile vile. Hesabu inayosahau mtu wa pembeni ni hesabu ya uongo nusu.

Kisha kukaja Suzuka, Japani. Mwaka 1994, miezi 6 tu kisha Imola, Martin Brundle aliteleza mu mvua pale trakta ilipokuwa inaondoa gari ingine. Aliikosa trakta kidogo, akavunja mguu wa mtu aliyekuwa kazini. Mwaka 2014, kona ile ile, mvua ile ile, Jules Bianchi aliingia chini ya trakta. Alikufa mwezi wa saba 2015, na miaka 25 tu. Ni mwaka ule njo sheria ikaja ya kulazimisha magari yote kupunguza vitesi kwa pamoja kukiwa hatari barabarani. Onyo lilikaa miaka 20 mu kabati kwa sababu mara ya kwanza halikuua mtu.

Mwaka 2022, Suzuka tena, mvua tena, Pierre Gasly, rafiki wa Bianchi, alipita karibu na trakta. Hakugusa kitu. Lakini alipiga kelele, wenzake wakamuunga mkono, na FIA ikafungua uchunguzi bila kuwa na maiti hata moja. Ni vile njo inapaswa kuwa.

Najua mtaniambia: wale ni wazungu, wako na pesa. Ndiyo, wako nazo. Lakini pesa ilikuwako hata ile Jumamosi. Wataalamu walikuwako, madaktari walikuwako, helikopta ilikuwako. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "tusimame" na watu wa kumsikiliza.

Kila mmoja wetu anajua kona moja mu mji wake ambapo motari na abiria wanakufa, na kila mara mtu anasema "ni mapenzi ya Mungu". Tuache kumpakazia Mungu kazi za watu. Mara ingine aksida ikitokea, kabla ya kubandika picha na mishumaa, tuulize maswali matatu: nani alijua? Alijua tangu lini? Nani alisema "haiwezekani"? Tuyaulize kwa sauti, na tuyaulize hata kama marehemu hana jina kubwa. Tena tuyaulize hata kama, kwa bahati, kila mtu amerudi nyumbani.