Kibarua Akiumia Shambani Mwako

Katika mashamba ya makazi huku Lambwe, na hata kule Ndhiwa na Awendo kwenye miwa, kuna neno ambalo wakulima hulisema upesi kibarua akiumia: "Alikuja na panga lake mwenyewe." Maana yake ni kwamba damu iliyomwagika si shauri la mwenye shamba. Mimi pia niliwahi kulisema. Kibarua wangu alijikata muundi akivuna miwa. Nikampa nauli ya kwenda kwao, nikadhani nimefanya wema. Kidonda kilioza, akakaa misimu miwili bila kazi.

Wakulima wenzangu, neno hilo si la haki, wala sheria hailikubali. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamhesabu kuwa mfanyakazi mtu uliyepatana naye akufanyie kazi chini ya amri yako, hata kama mlipatana kwa mdomo tu, hata kama unamlipa kwa mistari aliyomaliza wala si kwa siku, hata kama ujira wake ni mahindi. Panga ni lake, lakini kazi ni yako.

Basi mtu akiumia afanyweje? Damu ikitoka nyingi, jeraha likandamizwe kwa kitambaa safi mpaka isimame. Jeraha dogo lioshwe kwa maji safi na sabuni. Lisipakwe udongo, mavi ya ng'ombe wala mafuta ya taa. Kisha aende hospitali siku ile ile, maana sindano ya pepopunda si jambo la kungojea siku ya soko. Usafiri wa kumfikisha huko ni juu ya mwajiri, na gharama za matibabu vilevile.

Tena aliyeumia aseme. Wengi huogopa kukosa kazi msimu ujao, wakanyamaza. Amwambie mwajiri siku hiyo hiyo, mbele ya shahidi, na tarehe iandikwe katika daftari. Ana miezi 12 tangu siku ya ajali kudai fidia. Akichelewa, haki yake yaweza kupotea. Mwajiri naye, akishaambiwa, ana siku 7 za kumpa habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kwa fomu ambayo sehemu yake moja hujazwa na daktari. Mtu akifa, habari itolewe ndani ya saa 24. Wako wanaokimbilia kwa wakili kwanza. Hao wajue kwamba Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hii mwaka 2019, na dai huanzia kwa Mkurugenzi.

Najua jibu la wengi: mwenye ekari tano atatoa wapi fedha? Ni swali la haki. Sheria inamtaka kila mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima, na mkulima mdogo akienda peke yake ataiona ghali. Kwa hiyo naomba shauri hili liletwe katika mikutano ya vyama vyetu vya ushirika kabla ya mavuno, tutafute bima ya pamoja, kama tunavyokodi trekta pamoja.

Na mkulima akijikata mwenyewe shambani mwake? Huyo hana mwajiri wa kumdai. Avae gambuti.