Tumaini Lisilokaa Bure

Kumtumainia Mungu ni wajibu unaohubiriwa katika kila kanisa, lakini namna ya kuutimiza siku kwa siku haieleweki vizuri kwa waumini wengi, kwa kuwa wapo wanaodhani kwamba mwenye tumaini kazi yake ni kungoja tu, na wapo wanaodhani kwamba kuongozwa na Mungu ni kutajiwa tarehe ya kwisha kwa shida. Kitabu cha nabii Yeremia kinayasahihisha makundi yote mawili.

Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliiteka Yerusalemu akamchukua mfalme Yekonia pamoja na wakuu, mafundi na wahunzi, na hivyo kikaanza kipindi cha Uhamisho, yaani miaka ambayo watu wa Yuda waliishi mateka ugenini. Hanania, nabii wa uongo, alisimama hekaluni akaahidi kwamba nira ya Babeli ingevunjwa ndani ya miaka 2. Yeye mwenyewe alifariki mwaka ule ule, na nira ikabaki pale pale. Yeremia, kwa upande wake, aliwapelekea mateka waraka mgumu kupokelewa, akiwaagiza wajenge nyumba na kukaa humo, wapande bustani, waoe na kuozesha, na kuuombea amani mji uliowateka, kwa kuwa miaka 70 ilikuwa haina budi kutimia kwanza kabla hawajarudishwa kwao. Ile ahadi ya Mungu ya kuwawazia watu wake mawazo ya amani, ambayo Wakristo wengi huikariri na kuibandika ukutani, imo ndani ya waraka huo huo, wala si haki kuitenga na maagizo yaliyoitangulia.

Nabii huyo hakuwaagiza wengine jambo ambalo yeye hakulitenda. Yerusalemu ilipozingirwa tena, naye akiwa kifungoni katika uwanda wa walinzi, binamu yake Hanameli alimjia amwuzie shamba lililoko Anathothi, wakati ambapo adui alikuwa ameishika nchi na kwa hesabu ya soko ununuzi huo ulikuwa hasara tupu. Yeremia alipima katika mizani shekeli 17 za fedha, akatia muhuri hati mbele ya mashahidi, kisha akamwagiza mwandishi wake Baruku aziweke hati zote mbili, iliyofungwa kwa muhuri na iliyo wazi, katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Baada ya hapo ndipo alipoomba na kumweleza Mungu mshangao wake, jambo linaloonyesha kwamba imani haimzuii mtu kuuliza, ila utii wake hausubiri kwanza majibu yote.

Babeli ilianguka mwaka 539 kabla ya Kristo mikononi mwa Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliyewaruhusu mateka kurudi kwao, na wengi wa waliorudi walikuwa wana na wajukuu wa wale waliopelekewa waraka. Kama wazee hao wangekataa kuoa na kujenga kwa kuingojea miaka 2 ya Hanania, ahadi ingetimia pasiwe na mtu wa kuipokea.

Kwa hiyo mgonjwa anayeombewa na aendelee kumeza dawa zake, kijana aliyekosa ajira na ajifunze ufundi huku akisali, na mkulima na atayarishe shamba kabla mawingu hayajatanda, kwa maana kazi hizo hazipunguzi imani bali ndizo zinazoidhihirisha. Anayeuza muujiza wenye tarehe na apimwe kwa Maandiko na kwa ushauri wa waumini waliokomaa, kabla mtu hajamkabidhi fedha yake wala moyo wake. Mungu haongozi watu waliokaa bure. Basi kila Mkristo na aifanye kwa uaminifu kazi iliyo mbele yake leo, hata ile ambayo matunda yake yataliwa na watoto wake.